Siku sita Kidia bila karatasi ya muziki

Konda aliligonga boksi la mpwa wangu kwa kidole kimoja. "Humu kuna nini, braza? Bunduki?" Nikamwambia tarumbeta. "Basi elfu tano ya mzigo." Saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale stendi ya Magufuli, si mahali pa kubishana na mtu mwenye tochi na kitabu cha risiti. Nikalipa, boksi likasukumwa kwenye buti, nami nikapanda bila kuangalia limewekwa wapi. Hapo nilikosea.

Dada yangu alikuwa amesikia kanisani kwamba huko Kidia, Old Moshi, mlimani Kilimanjaro, kuna kambi ya watoto, likizo ya Juni, wanafundishwa kupiga matarumbeta kwa kusikia tu, bila nota. Binti yake ana miaka kumi na tatu na kichwa kigumu. Akataka kwenda. Mimi nikajitolea kumsindikiza, maana sekondari nilikuwa kwenye bendi ya shule, tarumbeta ya kwanza, na nota nasoma hadi leo. Nikamwambia dada, "Nitakaa nao siku zote, huenda nikawasaidia walimu." Alinitazama tu.

Safari yenyewe mnaijua. Chalinze, Segera, chakula cha harakaharaka Korogwe, mkonge, kisha Usambara na baadaye milima ya Upare ikitufuata mkono wa kulia kama jirani asiyeishiwa maneno. Same kulikuwa na upepo wa vumbi. Mpwa wangu alilala kutoka Mombo hadi Himo.

Ukitoka Dar kwenda Old Moshi huna haja ya kufika stendi ya mjini. Unashuka Kiboriloni, pale penye soko la mitumba, unachukua gari dogo la kupanda mlimani. Tulibanana watu kumi na mmoja na debe la mafuta. Kadiri tulivyopanda, migomba ilizidi kuisogelea barabara, maji ya mfongo, ule mfereji wa Kichagga, yakasikika pembeni, na baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya shati. Huko Ulaya na Marekani kambi za muziki za Juni na Julai ni za kiangazi, watoto wamevaa kaptula. Sisi Juni ya Kilimanjaro ni sweta juu ya sweta, na mlima wenyewe hauonekani kwa wingu.

Dereva alituonyesha upande alikonyongewa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, na Wajerumani, Machi 1900. Kisha, bila kuvuta pumzi, akatuonyesha upande wa kanisa la Kidia. Wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893, wakaja na huku pia, na mmoja wao, Bruno Gutmann, akaishi hapa miaka mingi akiandika habari za Wachagga. Desturi ya matarumbeta katika makanisa ya Kilutheri ya mlimani imetokana na Wajerumani haohao. Nilitaka kumuuliza dereva anaonaje mambo hayo mawili kukaa kilima kimoja, lakini alikuwa akikata kona mbaya.

Tulipofungua boksi, tukakuta gunia la vitunguu la mtu limelilalia njia nzima. Bomba lilikuwa salama, ila mausipisi, kile kikombe cha kuwekea midomo, kilikuwa kimejikita ndani ya mdomo wa tarumbeta kama msumari. Nikavuta, nikasokota, nikalowesha maji ya moto. Haikutoka. Mpwa wangu akaanza kulia kimyakimya, kilio kile cha kutotaka kuonekana.

Akaja mzee mmoja wa bendi ya usharika, mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. "Pole, mjukuu wangu. Nani kaleta koleo? Ondoa koleo hilo, baba." Hilo la mwisho aliniambia mimi. Akaomba mwiko jikoni. Alishika tarumbeta kwapani, akawa anagonga pale kwenye kiungio kwa ubavu wa mwiko, tik tik tik, pole kabisa, huku mkono wa pili ukizungusha kikombe nusu uzi, nusu uzi. Dakika tano hivi. Kikatoka chenyewe, akakidaka kabla hakijaanguka. Akaupeleka mwiko jikoni, ukarudi kwenye makande.

Asubuhi ya kwanza nikapata nafasi yangu ya utaalamu. Watoto walikuwa ishirini na kitu, wamepangwa uani, moshi wa pumzi unawatoka. Mwalimu, dada mmoja mpole wa tromboni, alikuwa anatafuta funguo za stoo, nikajitwika. "Haya, wote tupige C."

Ikatoka kelele ambayo mbwa wa jirani aliijibu.

Nikarudia. Vilevile. Nikaanza kuchungulia vidole: waliotoka bendi za shule hawakubonyeza kitu, kama mimi. Watoto wa bendi ya usharika walibonyeza pistoni ya kwanza, yaani kitufe cha kwanza kati ya vile vitatu vya vidole. Na kijana mmoja wa Pasua, mtaa wa Moshi mjini, ambaye Jumamosi hupiga matarumbeta juu ya pikapu mbele ya misafara ya harusi, alikuwa ameshusha chombo chake. "Samahani, mjomba. C ndiyo ipi?"

Ilibidi mzee wa tuba anieleze wakati wa chai. Tarumbeta zetu karibu zote ni za B bemoli, noti iliyo hatua nzima chini ya C: ukipuliza bila kubonyeza, kwenye kinanda hiyo ni B bemoli. Bendi za shule hufuata njia ya Kiingereza, wanaiita noti hiyo C, na karatasi inaandikwa kwa kuhesabu tofauti hiyo. Wajerumani wa kanisani wanaita sauti kama ilivyo kwenye kinanda. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyevieneza sana vikundi vya matarumbeta vya kanisa kwao Ujerumani, alitaka wapulizaji wasome kitabu kilekile cha waimbaji. Kwa hiyo C yangu ni "Be" ya mzee, na C ya mzee kwangu ni D. Miaka yote hiyo najiita msoma nota, sikuwa najua.

Mwalimu alirudi na funguo, akasikia habari, akacheka kwa adabu. "Kaka, hapa herufi tumezifungia stoo. Tuna do tu, na do tunaihamisha." Hilo kila aliyewahi kuimba kwaya Tanzania analielewa. Watoto wote walielewa pia, hata wa Pasua.

Siku mbili za kwanza hakuna aliyeruhusiwa kugusa pistoni. Bomba tupu linakupa do, sol, do ya juu, mi, sol, basi. Kupanda na kushuka ni kazi ya midomo na pumzi. Mwalimu anaimba kipande, watoto wanakiimba, halafu wanakipuliza. Asiyeweza kukiimba hapulizi. Siku ya tatu ndipo vidole vikaingia: pistoni ya kati inashusha nusu hatua, ya kwanza hatua nzima, ya tatu moja na nusu. Baada ya hapo hakuna aliyeambiwa abonyeze nini. Unaiwinda noti mpaka uipate, na ukikosea jirani anakuangalia.

Mimi niliwinda vibaya kuliko wote. Nikisikia kipande, kichwa kilikuwa kinachora mistari mitano kwanza, na hadi nimalize kuchora, watoto wako kwenye kibwagizo. Kijana wa Pasua alinionea huruma akaja kukaa ubavuni pangu. "Mjomba, usifikirie. Imba rohoni, kidole kitafuata." Chake kilifuata. Changu kilisimama njiani kama gari bovu.

Kuna la baridi pia ambalo shuleni hatukuambiwa. Hewa ndani ya bomba ikiwa baridi, sauti husafiri polepole, na chombo chote kinashuka. Saa mbili asubuhi tuba ilikuwa chini ya wote, maana bomba refu linachelewa kupata joto. Mzee alikuwa anaihemea tu bila sauti, robo saa nzima, kama mtu anayepasha mikono mtoto. Pistoni zikikwama alizidondoshea mafuta ya cherehani.

Siku ya nne ilinyesha kutwa. Tulikula mtori, tukalala.

Jioni moja mwalimu alitusimulia habari za New Orleans, Marekani. Mpiga banjo Danny Barker, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikusanya watoto wa mtaa kwenye kanisa la Fairview wakajifunza matarumbeta ya barabarani, yale ya misiba na maandamano, wakati wakubwa wakihofia kwamba yanakufa. Baadhi ya waliopitia mle waliingia Dirty Dozen Brass Band, iliyoanza 1977. Kijana wa Pasua aliuliza swali moja tu: "Kwenye msiba wanalipwa?" Mwalimu akasema ndiyo. Akatikisa kichwa, ameridhika.

Jumamosi kijana huyo alikuwa na harusi mjini na mpigaji wake mmoja anaumwa. Mwalimu akamruhusu achukue mpwa wangu, nami nikapanda pikapu kama mlinzi. Kutoka kanisani hadi mnara wa saa, mzunguko, kisha Majengo, honi mbele na nyuma, akina mama wanapunga vitenge. Mpwa wangu alikuwa hajawahi kuzisikia nyimbo mbili kati ya zile. Mzunguko wa kwanza alisikiliza. Wa pili akapiga sauti ya pili, macho kwenye vidole vya kijana. Wa tatu hakuangalia tena vidole vya mtu. Mgeni mmoja wa harusi alimtupia elfu mbili, naye akaikanyaga kwa kiatu isipeperuke, bila kukata pumzi.

Jumapili tukasimama Kiboriloni kusubiri basi. Likatokea upande wa mjini likipiga ile honi yao ya kuimba. Sol, mi, do. Mpwa wangu akachomoa mausipisi mfukoni, akaijibu kwa hiyo tu, bila tarumbeta. Dereva akarudia. Naye akarudia.

"Haina hata pistoni, mjomba," akaniambia.

Konda alishuka anacheka, akalibeba boksi kwa mikono miwili hadi juu, akaliweka kwenye siti. Kisha akanidai elfu tano ya mzigo.