Siku Moja Maishani Mwangu: Ada Iliyoingia Mara Mbili

Saa 12:10 asubuhi

Mwendokasi wa Kimara kwenda Morocco ukiuwahi mapema unapata pa kusimama bila kukanyagwa. Kiti, sahau. Nimeshika chuma kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, napitia ujumbe wa usiku. Kampuni yetu ndogo inatengeneza mfumo wa kupokea ada za shule binafsi kupitia simu na benki. Shule zimefunguliwa, ni Januari, na kila mzazi Tanzania anaonekana kulipa usiku wa manane.

Ujumbe mmoja umetoka kwa mhasibu wa shule moja Morogoro. Mzazi amelipa laki sita, mfumo unaonyesha milioni moja na laki mbili.

Saa 1:30 asubuhi

Kijitonyama. Chapati mbili na chai kwa mama ntilie, kisha nampigia mhasibu kabla ofisi haijajaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hii pesa mbona imezaa?"

Namuuliza mzazi amekatwa mara ngapi kwenye simu yake. Mara moja tu. Saa ngapi? Saa saba na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumatatu. Naandika kwenye daftari: simu ya mzazi itaonyesha 01:40, na seva yetu, inayofuata saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, itakuwa imeandika 22:40 ya Jumapili. Wageni wa kazi hii hupoteza asubuhi nzima wakitafuta muamala kwenye siku ambayo haupo.

Simu hiyo imechukua dakika nne na imenipa kila kitu nilichohitaji. Vijana wakiniuliza wajifunze nini ili waajiriwe, hawafurahii jibu langu: jifunze kuongea na mhasibu. Wanataka niwatajie lugha ya programu.

Saa 3:00 asubuhi

Kikao cha kila siku, tumesimama. Bosi anauliza tatizo la Morogoro litaisha lini. Namwambia nitampa jibu saa sita, nikishasoma. Hapendi, ila amezoea. Anayetaja muda kabla ya kufungua msimbo (code) anabahatisha, na anayebahatisha mbele ya mwenye pesa huaminiwa mwanzoni tu.

Saa 3:20 asubuhi

Nakaa na kijana wetu wa fildi, mwaka wa tatu chuoni, mwepesi wa vidole kuliko mimi. Sehemu ya mfumo inayopokea taarifa za malipo iliandikwa na watu walioondoka kabla sijaja. Haina maelezo. Kijana anaitazama kidogo tu, kisha anasema, "Dada, hii tuifute tuandike upya."

Hapana. Tunaisoma, mstari kwa mstari, huku kumbukumbu za seva zikiwa wazi pembeni. Picha inajitokeza polepole. Mzazi akilipa, mtoa huduma ya malipo anaitumia seva yetu taarifa: fulani amelipa, kiasi hiki, namba ya muamala hii. Seva inatakiwa kujibu "nimepokea". Usiku ule iliandika malipo kwenye databesi, lakini ikachelewa kujibu. Mtoa huduma, kwa utaratibu wake wa kawaida, akadhani taarifa haikufika, akaituma tena. Seva ikaipokea kama mpya. Laki sita zikaingia mara mbili.

Kijana anafurahi, anafungua programu yake ya akili mnemba (AI), na kabla sijamaliza maji anayo suluhisho: kwanza tuangalie kama namba ya muamala ipo, kama haipo, tuandike. Msimbo msafi kabisa, unasomeka kuliko wangu.

Namuuliza: taarifa mbili zikifika kwa pamoja je? Ya kwanza inaangalia, haioni kitu. Ya pili inaangalia kabla ya kwanza haijaandika, nayo haioni kitu. Zote zinaandika. Ananyamaza, anachora mishale kwenye karatasi, anasema, "Aisee."

Dawa ni kulipeleka sharti kwenye databesi yenyewe. Tunatumia PostgreSQL; unaiambia namba ya muamala kwa kila mtoa huduma isijirudie, na ya pili inakataliwa hata zikigongana mlangoni. Halafu jambo ambalo wengi husahau: taarifa iliyojirudia nayo ijibiwe "nimepokea". Ukijibu kosa, mtoa huduma ataendelea kuituma hadi achoke yeye au seva yako.

Hizi programu za kuandika msimbo mimi nazitumia kila siku, sina ugomvi nazo. Ila zimebadilisha bei sokoni. Kuandika mistari mia sasa ni jambo la dakika. Kuisoma mistari hiyo na kujua itakapovunjika usiku wa manane ndiko mwajiri anakokutafuta, na kusoma hakuna anayekufanyia mazoezi. Chagua mradi wowote wa wazi kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo wao, soma sehemu moja mpaka uweze kumweleza mwenzako bila kuangalia. Ni zoezi la kuchosha na ndiyo maana wachache wanalo.

Saa sita kasoro nampa bosi jibu: kesho asubuhi.

Saa 7:15 mchana

Wali maharage, mchicha. Kijana ananionyesha wasifu wake wa kuombea kazi. Lugha tisa za programu, zote na nyota tano. Namwambia anayehoji atachagua ile anayoijua yeye vizuri na kukuuliza humo. Mimi mwenyewe hufanya hivyo bila huruma.

Ukurasa wa pili, chini kabisa, kuna mstari mmoja: mfumo wa kutunza hesabu za kikoba cha mama yake. Unatumika? Unatumika, wanakikoba kama thelathini, kila Jumamosi. Hisa, mikopo, riba, faini za wachelewaji. Mwenyekiti alishamrudisha mara kadhaa kwa sababu jumla haikulingana na daftari.

Nusura nimrushie kijiko. Hiyo ndiyo ipande juu! Watu halisi, pesa halisi, na akina mama wanaokagua kuliko mkaguzi yeyote. Lugha tisa zishuke, zibaki mbili.

Saa 8:40 mchana

Sharti jipya linakataa kuwekwa, kwa kuwa databesi tayari ina namba zilizojirudia. Kijana anataka kufuta. Nampigia mama wa Morogoro tena, safari hii kwa spika ili kijana asikie.

"Usifute," anasema mama. "Kwenye vitabu vya pesa hatufuti. Unaandika ingizo la kurudisha, na sababu yake. Mkaguzi akija aione ilivyoingia na ilivyotoka."

Basi tunafanya anavyosema. Tunaongeza alama kwa kila rekodi ya nakala, ingizo la marekebisho, na sharti linazibana namba zisizo na alama hiyo. Tunazikuta nakala nyingine kwenye shule mbili ambazo hazijalalamika. Naziandikia kabla hazijagundua. Bosi anakunja uso, lakini anakubali.

Saa 10:30 jioni

Seva ya majaribio. Tunatuma taarifa ileile mara mia kwa mpigo. Linaingia ingizo moja. Kwenye seva halisi tutaweka kesho saa tatu, watu wote wakiwa macho. Kijana anaandika ukurasa mmoja wa maelezo: nini kilitokea, kwa nini, tumebadilisha nini. Nimeurudisha mara mbili kwa sababu ya Kiswahili chake, maana mhasibu naye atausoma.

Saa 2:00 usiku

Mwenzangu wa zamani kazini anapiga. Amepata kampuni ya Uingereza, atafanyia kazi nyumbani Mwanza, mshahara kwa pauni. Nampongeza kwa moyo wote, kisha namuuliza mkataba unamwita nani: mwajiriwa au mkandarasi?

Mkandarasi. Basi hakuna wa kumchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ile asilimia 20 ya mshahara ambayo kwa kawaida mwajiri hubeba nusu yake, sasa akitaka akiba ataibeba mwenyewe. Mkopo wa chuo wa HESLB, bodi ya mikopo, ambao mwajiri wa hapa angemkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, haufutiki kwa sababu anayemlipa yuko London, atapeleka mwenyewe. Kodi ya TRA, mamlaka ya mapato, vilevile. Na wakimwacha, ni kwa notisi ya siku ngapi? Hajui, hajafika ukurasa huo.

"Unasoma msimbo wa watu wote halafu mkataba wako husomi?"

Anacheka. Anasema atausoma usiku huu na kunitumia kurasa zilizomchanganya. Namwambia asisaini hadi waijibu hiyo ya notisi kwa maandishi.