Kuhamia Windows 11 kwa neti ya kusuasua

Jamani, Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ila huku Tabata steshenari kibao bado wanaitumia hivohivo, wanafungulia email za wateja, wanalipia control number, wanachomeka flashi za kila mtu. Ukiwauliza wanakwambia kaka, bando la kuapdeti tunalitoa wapi.

Na hawajakosea kuogopa. ISO ya Windows 11 (faili moja lenye Windows nzima) inazidi GB 5, kwa neti ya Mbps 1 hiyo ni zaidi ya saa 11 mfululizo, ikishuka nusu yake inapita saa 22, na hapo ndo pabaya maana ile linki ya kuishushia ukiitengeneza kwenye tovuti ya Microsoft inadumu saa 24 tu. Umeme ukikatika katikati na unashushia kwa kitu kisichojua kuendelea pale kilipoishia, GB zote hizo zimeenda bure. Kwahiyo shusha usiku, kwa bando la usiku, na utumie download manager, programu ya kushushia inayojua kuendelea ilipoishia.

Ila kabla hujagusa bando andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia uone kama mashine ina TPM 2.0, kichipu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, hiyo haili hata MB moja.

Dada mmoja jirani ana kompyuta tatu dukani na kila moja ilikuwa inajishushia apdeti yenyewe kwa hotspoti ya simu, bando la wiki linakata siku mbili tu. Kwanza tukawasha metered kwenye Wi-Fi zote (ile setting ya kuiambia Windows kwamba neti ni ya kupimiwa, isijishushie ovyo), zikatulia. Tukashusha ISO moja, nikaihakiki kwa Get-FileHash, komandi ya PowerShell inayotoa alama ya utambulisho wa faili, zile herufi na namba zilingane na za Microsoft hadi ya mwisho (hii msiiruke, faili bovu linakuja kukuumbua katikati ya kazi), tukaiweka kwenye flashi ikazunguka. Ukiifungua na kubonyeza setup, kuna mahali inataka kushusha apdeti kwanza, mwambie sio sasa hivi, utazivuta baadae taratibu.

Mbili zimepanda fresh, mafaili yote yapo na printa inachapa kama kawa. Ya tatu haina TPM 2.0, hiyo tumeiandikisha ESU, mpango wa Microsoft wa kuiongezea Windows 10 muda, inaendelea kupata apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, na dada kashaanza kudunduliza ya mashine nyingine.