Nilivyopima kaliandra katika hori la ng'ombe mmoja

Watafiti waliofanya kazi Embu, Kenya, katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, mti mdogo wa malisho, zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa kinachouzwa dukani, na maziwa yasipungue. Nilikuwa na kaliandra kwenye kingo za matuta, iliyopandwa kuzuia mmomonyoko, na bei ya gunia la chakula ilikuwa imenichosha. Hata hivyo nilitaka kuliona jambo hilo katika hori langu mwenyewe.

Kwa kuwa maziwa hupungua yenyewe kadiri miezi ya kukamua inavyosonga, nililisha kwa zamu. Kwa wiki 3 ng'ombe alipewa kilo 2 za chakula cha dukani kwa siku. Wiki 3 zilizofuata niliondoa kilo 1 na kumpa kilo 3 za kaliandra. Kisha nikarudia lishe ya mwanzo. Napia, yaani majani marefu anayolishwa kila siku, haikubadilishwa. Maziwa ya wiki ya kwanza ya kila zamu sikuyahesabu, kwa sababu vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya chakula huhitaji muda wa kuzoea.

Mara ya kwanza jaribio liliharibika. Nilikuwa nikikata kaliandra jioni ili kupunguza kazi ya asubuhi, na hadi alfajiri majani yalikuwa yamenyauka. Ng'ombe aliyanusa, akayasukuma kwa pua hadi pembeni, akala napia iliyokuwa chini yake. Kaliandra ina tanini nyingi, kemikali yenye ladha kali ya kukausha mdomo, na ikinyauka mnyama huikataa. Nilipopima masazo nilikuta karibu kilo 2, ambazo bila mizani ningeziandika daftarini kuwa zimeliwa. Nikaanza upya, safari hii nikikata alfajiri na kukatakata majani pamoja na napia.

Siku chache baadaye maziwa yalipanda ghafla. Nilipomuuliza kijana anayenisaidia, alijibu, "Mwalimu, alikuwa analia, nikamwongezea bakuli moja la chakula." Sikumlaumu, maana sikuwa nimemweleza tunachokipima, ila nilifuta siku hizo daftarini. Jagi la kupimia nalo nililiweka kando, kwa kuwa povu lilikuwa likihesabiwa kama maziwa, nikapima ndoo kwa mizani.

Wastani wa zamu ya kaliandra ulipungua kwa chini ya nusu kilo kwa siku, na niliporudisha chakula chote cha dukani maziwa hayakupanda, kwa hiyo nilichukulia kwamba upungufu ule ulitokana na umri wa ukamuaji. Sasa gunia linakaa muda mara mbili.

Kinachonibana ni miti. Miti 500 humtosha ng'ombe anayepewa kilo 6 za majani mabichi kwa siku mwaka mzima, hivyo kwa kilo 3 nahitaji kama 250, nami ninayo 180. Mbegu za miti iliyobaki zimelowekwa kwenye maji baridi tangu jana, na zitakaa humo saa 48 kabla ya kusiwa.