Polaraizesheni, kutoka Nkuhungu hadi Coma

Fundi dishi yeyote analijua hili: dishi limeelekea sawasawa, nguvu ya signali inatosha, lakini ubora hausogei. Unalegeza LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi, unaizungusha kidogo, ubora unapanda. Ndani yake mna vijipini viwili vilivyopishana nyuzi 90; kimoja hupokea mawimbi ya wima, kingine ya mlalo, na king'amuzi huchagua kwa kutuma volti 13 au 18. Hiyo ndiyo polaraizesheni: mwelekeo ambao wimbi hutetemea. Hapa Dodoma, upepo wa Julai ukishayumbisha madishi ya Nkuhungu, ndiyo kazi yangu kutwa.

Wanaastronomia nao wanaitafuta kwenye makundi ya galaksi, na habari hiyo imenishika kwelikweli. Kundi la Coma, umbali wa miaka-nuru zaidi ya milioni 300, lina wingu la redio lililotanda katikati yake. Mawimbi hayo hayatoki kwenye nyota. Hutolewa na elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga, zikijizungusha kwenye sumaku iliyo dhaifu karibu mara laki moja kuliko ya dunia yetu. Mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi hayo ndio unaoeleza sumaku hiyo imelalaje.

Pembezoni mwa makundi, gesi inapobanwa na mshtuko, mwelekeo huonekana vizuri. Katikati ndiko kwenye kazi. Sumaku imevurugika, na vipande vinavyoelekea huku na kule huangukia pamoja ndani ya jicho moja la darubini, vikafutana. Tena gesi yenyewe huyazungusha mawimbi njiani: wimbi lenye urefu mara mbili huzungushwa mara nne. Yanayotoka nyuma ya kundi hufika yamezungushwa tofauti na ya mbele. Unaweza kudhani polaraizesheni haipo, kumbe imechanganyika tu.

Ndiyo maana naisubiri kwa hamu SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia. Ile ya Karoo, Afrika Kusini, imepangiwa madishi 197, yakiwemo 64 ya MeerKAT, darubini ya hukohuko ambayo tayari inafanya kazi. Madishi yakitawanywa mbalimbali huona vipande vidogo zaidi, na yakiwa mengi hunasa signali hafifu. Yatapima masafa mengi kwa mpigo, ili mzunguko ule wa njiani ukokotolewe na kuondolewa. Bendi yake ya pili inaanzia megahezi 950, palepale signali ya LNB inapoanzia ikishuka kwenye kebo!

Ramani za katikati ya makundi hayo zikitoka, nitafungua ya mwelekeo kabla ya ile ya nguvu.