Jenerali aliyezikwa bila jeneza

Leo barazani hapa Majengo kijana kauliza rubani hupandaje mpaka kuwa kamanda wa jeshi la anga.

Mfano ni marehemu Francis Ogolla wa hapa Kenya.
Aliingia jeshini 1984, mwaka uliofuata akawa luteni usu, cheo cha kwanza cha ofisa.
Urubani wa ndege za kivita akausomea Marekani.
Cheo kwa cheo hadi meja jenerali, na 2018 akashika jeshi la anga. (Hilo letu hutumia vyeo vilevile vya jeshi la nchi kavu.)
Aprili 2023, Mkuu wa Majeshi.

Helikopta aliyopanda ilianguka Aprili 18, 2024, akafa.
Tarehe 21 keshazikwa kwao Siaya, bila jeneza, kama alivyousia.
Jenerali wa nyota nne!
Kwetu Waislamu ni kawaida, lakini yeye alikuwa Mkristo.

Nyinyi mwaionaje?