Kinga yangu haikulala

Wengi wanaonipenda, wakisikia nina maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia mifumo ya neva ya mwenyewe, hunihimiza niongeze kinga ya mwili. Upendo wao naupokea kwa moyo wote. Ushauri wenyewe unanitia hofu.

Jicho langu la kushoto lilipofifia, likiuma kila nikiligeuza, kinga yangu ilikuwa kazini. Seli T, ambazo ni askari wa kinga katika damu, zilikuwa zimepenya hadi kwenye neva ya jicho, zikaishambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za neva ili ujumbe upite upesi. Mayelini ikichubuka, ujumbe huchelewa au hupotea kabisa.

Nilipoanza kusoma, lililonishangaza zaidi ni kwamba hata watu wasio na ugonjwa huu wana seli T zinazoitambua mayelini. Tezi ya thaimasi, iliyomo kifuani, huziua nyingi za aina hiyo zingali changa, lakini si zote. Zinazoponyoka huzuiwa na seli T dhibiti, yaani seli T ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Mtafiti wa Japani Shimon Sakaguchi alizitambua mwaka 1995 kwa alama ya CD25, protini iliyo juu ya seli hizo, wakati ambapo wanasayansi wengi walikuwa wameshaliacha wazo la kwamba zipo. Mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Tuzo ya Nobel, nami nikafurahi kana kwamba ni ndugu zangu.

Mwaka 2004, watafiti waliofanya kazi na David Hafler huko Marekani walilinganisha damu ya wagonjwa kama mimi na ya watu wenye afya. Seli dhibiti hazikuwa chache. Zilichopungukiwa ni uwezo wa kuzituliza nyingine. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kuwa kwa baadhi yetu seli zinazoshambulia nazo ni sugu, hazitulizwi kwa urahisi.

Na kuiamsha kinga kulishajaribiwa. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 18 waliopewa interferoni gama, ambayo huichochea kinga. Saba kati yao ugonjwa uliwalipukia wakiwa kwenye matibabu. (Si ile interferoni beta, ambayo kweli ni dawa yetu.) Huwawazia sana watu wale saba.

Mimi natundikiwa dripu ya dawa iitwayo natalizumabu. Huzizuia seli T kuvuka kutoka kwenye damu na kuingia ubongoni, na tangu nianze sijalipukiwa tena. Ila huzuia bila kuchagua, hata seli zinazolinda ubongo dhidi ya virusi vya JC, ambavyo vinaweza kuuharibu ubongo, ndiyo maana damu yangu hupimwa mara kwa mara kutazama kama nimekutana navyo. Wala haizirudishii seli dhibiti uwezo wake. Yapo majaribio, madogo bado, ya kuchukua seli dhibiti za mgonjwa mwenyewe, kuzikuza maabara na kumrudishia. Hayo ndiyo ninayoyafuatilia, na kila kliniki namuuliza daktari wangu yamefika wapi.