Tui la nazi limewafundisha watoto wangu emulsheni

Niliambiwa sana, eti sayansi haifundishiki bila maabara, mwengine eti niagize vichupa vya vipimo kutoka Unguja. Wala. Watoto watano, wangu wawili na wa jirani watatu, tumekaa uani hapahapa Wete tukajifunza emulsheni, yaani maji na mafuta yalochanganyika yasijitenge upesi, kwa vitu vya jikoni, sidhani kama elfu kumi ilifika na mayai ndo yaliyokula pesa.

Maji na mafuta ndani ya chupa waliyafahamu upesi, unatikisa, ukiweka chini mafuta yanapanda, ukitia sabuni yanachelewa.

Mayonezi ndo ilonitoa jasho. Nilishauriwa nimimine mafuta yote kwenye kiini cha yai kisha nipige kwa nguvu, basi tukapiga kwa zamu mpaka mikono ikauma, ikabaki rojorojo ya manjano mafuta yanaelea juu. Kumwaga sikutaka, mafuta yenyewe bei yake mnaijua. Nikachukua kiini kipya na ndimu kidogo, mmoja akawa anatia ile iloharibika tone tone kwa kijiko cha chai, mwenzake anapiga kwa uma hapumziki. Mara uma ukaanza kuacha mistari, rangi ikapauka, ikawa nzito hata ukipindua kijiko haidondoki! Makelele yale, jirani akaja mbio. Kwenye kiini mna lesithini, upande mmoja inashika maji upande mmoja mafuta, lakini mafuta yakija yote kwa pamoja haiwahi kuyazunguka. (Yai bichi hilo, kwa joto letu msiiweke nje.)

Mwanangu wa miaka tisa akaniuliza, "Mama, mbona tui halina yai na mafuta hayaelei?" Wallahi nilifurahi. Tukakuna nazi mbili, tui zito tukaligawa, nusu kwenye glasi, nusu motoni bila kukoroga. La glasi baada ya muda likajitenga, zito juu majimaji chini, ukikoroga linarudi. La motoni likakatika, chembechembe nyeupe na mafuta yanang'aa. Bibi yao akasema, "Si ndo nnavokwambieni kila siku, tui halitakiwi kuachwa!" Na ni kweli, vitone vya mafuta vimezungukwa na protini za nazi, zikipata moto mkali zinagandana, mafuta yanatoka.

Lile lilokatika tuliliacha motoni mpaka maji yakaisha, likatoa mafuta kama nusu kikombe cha kahawa, wakagombania kupaka nywele.